Daftari Halina Haya

Wamarekani huwachagua majirani zao kwa kura walinde fedha za shule. Mji mmoja wa Long Island ulipoteza mamilioni mbele ya macho ya walinzi hao, na kilichowaponza kilikuwa ustaarabu wao.

Hakushtuka polisi, hakushtuka mkaguzi, wala bodi haikushtuka. Aliyeshtuka wa kwanza alikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa mwaka 2002, katika tawi mojawapo la Home Depot kwenye kisiwa cha Long Island, jimbo la New York. Karani aliona kadi ya malipo ya wilaya ya shule ya Roslyn ikinunua vifaa vya kukarabati nyumba, na vifaa vyenyewe havielekei shuleni. Akamwambia mtu, mtu akamwambia mtu, mpaka habari ikatua mezani kwa bodi ya shule.

Bodi ikaketi faragha. Walikuwa wazazi na majirani waliochaguliwa kwa kura, wanaofanya kazi hiyo jioni baada ya kazi zao, bila kulipwa hata senti. Mbele yao kulikuwa na jina la Pamela Gluckin, naibu wa msimamizi mkuu wa shule, mwenye dhamana ya fedha. Hesabu waliyopewa usiku ule ilikuwa kama dola robo milioni. Msimamizi mkuu mwenyewe, Dk. Frank Tassone, msomi aliyeheshimiwa na kila mzazi pale mjini, akawashauri mambo yaishie ndani: mama arudishe fedha, ajiuzulu, aende zake. Polisi wa nini? Watoto wanafaulu, nyumba za mji zina bei kwa sababu shule zina jina, na miezi michache mbele wananchi watapigia kura bajeti mpya.

Wakakubali. Bibi Gluckin akarudisha kiasi kile, akaondoka kimya kimya, na mji ukalala usingizi.

Sisi tuna neno zuri kwa jambo hilo: walimsitiri. Stara ni adabu kubwa kwetu. Anayemsitiri mwenzake husifiwa, anayemwanika hulaaniwa. Lakini miaka miwili baadaye ilibainika kwamba robo milioni ile ilikuwa tone tu, na kwamba yule aliyewasihi wamsitiri mwenzake alikuwa akijisitiri yeye. Kila msimu wa uchaguzi wagombea wa bodi za shule nchini Marekani hunadi maneno mawili, nidhamu ya fedha na uwajibikaji. Kisa cha Roslyn kinatuonyesha maneno hayo yanadai nini kwa mtu akishapata kiti.

Kura ya mwezi Mei

Marekani haina wizara moja inayoendesha shule zote. Elimu ni shauri la majimbo, na majimbo yameikabidhi sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa wilaya za shule, ambazo ni karibu 13,000. Wilaya ya shule si wilaya ya utawala kama tunayoijua sisi yenye mkuu wa wilaya na ofisi zake. Ni eneo lenye mipaka yake, kodi yake na bodi yake. Moja inaweza kuwa na mamia ya shule, nyingine ikawa na shule moja katikati ya mashamba ya mahindi.

Kiti cha bodi ni ngazi ya chini kabisa ya siasa ya nchi ile, na pengine ndiyo ya zamani kuliko nyingi. Mwaka 1838, Kentucky iliwaruhusu wajane na wanawake wasioolewa waliokuwa na mali ya kutozwa kodi wapige kura katika mambo ya shule, wakati kura nyingine zote walifungiwa. Jimmy Carter, kabla hajawa seneta wa jimbo, gavana wala rais, alikuwa mjumbe wa bodi ya elimu ya Kaunti ya Sumter huko Georgia, miaka ya 1950.

Katika jimbo la New York, nje ya miji mikubwa, siku ya kura ni Jumanne ya tatu ya mwezi Mei. Mtu anayetaka kugombea kwa kawaida hukusanya saini za wapiga kura 25, au asilimia 2 ya waliopiga kura mara iliyopita kama idadi hiyo ni kubwa zaidi. Hahitaji kadi ya chama. Hupita nyumba kwa nyumba, hubisha hodi, hueleza shida yake. Siku ikifika, mwananchi hupiga kura mbili kwa mpigo: anachagua wajumbe, na anaikubali au kuikataa bajeti ya shule ya mwaka unaofuata. Bajeti ikikataliwa, bodi inaweza kuirudisha mara moja zaidi. Ikikataliwa tena, wilaya huendeshwa kwa bajeti ya dharura, na kodi haipandi.

Kodi yenyewe hutozwa kwenye majengo na ardhi. Mwenye nyumba wa Long Island akiifungua hati yake ya kodi, fungu la shule ndilo linalomtolea macho kuliko yote. Kwa hiyo bibi mzee asiye na mjukuu hata mmoja darasani ana neno juu ya bei ya madawati. Mwaka 2011 jimbo lilipitisha sheria ya kudhibiti kodi hiyo: ongezeko lisizidi takriban asilimia 2 kwa mwaka, au kiwango cha mfumuko wa bei kama ni kidogo zaidi, na bodi inayotaka kuvuka hapo ipate asilimia 60 ya kura.

Pamoja na uzito wote huo, wanaojitokeza kupiga kura ni wachache. Kiti kinachoamua matumizi ya mamilioni ya dola kinaweza kupatikana kwa tofauti ya kura zinazoenea kwenye basi moja la shule.

Mkoba ni mdogo kuliko hotuba

Mgombea wa nidhamu ya fedha huja na sentensi anayoipenda: kuna upotevu, nichagueni nikaukate. Ni sentensi inayopigiwa makofi Dodoma, Nairobi na New York kwa namna ile ile. Mshangao humpata usiku wa kwanza anapokabidhiwa kitabu cha bajeti.

Katika shule za umma za Marekani, takriban senti 80 za kila dola ya matumizi ya kawaida huenda kwenye mishahara na mafao ya wafanyakazi. Mikataba ya walimu imekwishatiwa saini na chama chao. Michango ya pensheni hupangwa na jimbo. Watoto wenye ulemavu wanalindwa na sheria ya taifa ya mwaka 1975, inayoitaka kila wilaya iwape elimu inayowafaa bila malipo, ziwepo fedha zisiwepo. Madeni ya majengo yana tarehe zake. Kinachobaki kwenye mikono ya mjumbe mpya ni umeme, mafuta ya basi, vitabu, ukarabati, na ule uwanja wa michezo ambao nusu ya mji inaupigania na nusu nyingine inaulaani.

Kwa hiyo mjumbe makini hujifunza haraka kwamba nidhamu ya fedha haiko sana kwenye kukata. Iko kwenye kuuliza maswali mapema. Mfano wa karibuni ni fedha za janga la korona. Kati ya mwaka 2020 na 2021 Bunge la Marekani lilizipa shule karibu dola bilioni 190, zikiwa na masharti na ukomo wake: fungu la mwisho lipangiwe matumizi kabla ya Septemba kumalizika mwaka 2024. Wilaya nyingi ziliajiri watu wa kudumu kwa fedha za muda. Swali la mjumbe mmoja mkaidi, "Na baada ya Septemba tutawalipa kwa fedha gani?", lilikuwa na thamani kuliko hotuba kumi za kubana matumizi. Bodi ambazo hazikuliuliza zilijikuta zinagawa barua za kuachisha kazi.

Maswali ya namna hiyo hayahitaji shahada ya uhasibu. Yanahitaji mtu aliyezisoma karatasi kabla ya kikao, na asiyeogopa kuonekana msumbufu. Sifa ya kwanza wagombea wengi wanayo, au wanaweza kujifunza. Ya pili ndiyo iliyokosekana Roslyn.

Chumba cha wastaarabu

Turudi huko. Roslyn ilikuwa wilaya ndogo, ya wanafunzi zaidi ya 3,000, tajiri, yenye shule zinazohesabiwa miongoni mwa bora. Kila mwaka wahitimu wake waliingia vyuo vikuu vyenye majina. Dk. Tassone aliiongoza kwa zaidi ya miaka kumi. Alivaa vizuri, alikumbuka majina ya wanafunzi, alikaa na wazazi kujadili vitabu. Mjumbe wa bodi aliyemwangalia mtu kama huyo na kumwomba risiti angejiona yeye ndiye mwenye dosari.

Hapo ndipo wizi ulipopata kivuli. Mkaguzi wa nje wa hesabu za wilaya, ambaye kazi yake ni kuwa jicho la bodi, aliihakikishia bodi kwamba jambo la Gluckin limechunguzwa na kuisha. Baadaye naye alikiri kosa mahakamani. Mpwa wa Gluckin alikuwa karani katika ofisi hiyo hiyo, naye alikuwa na kadi ya malipo ya wilaya. Mshirika wa Tassone alilipwa kwa kazi za uchapaji kupitia kampuni ambayo hakuna aliyejishughulisha kuiulizia. Kila mmoja kati ya hawa angeweza kunaswa na swali moja la mtoto wa shule: huyu tunayemlipa ni nani, na kilicholetwa kiko wapi?

Mwanzoni mwa 2004 barua isiyo na jina ilianza kuzunguka mjini. Gazeti la wanafunzi wa sekondari, *Hilltop Beacon*, likaandika kwamba kuna ofisa aliyeondoka kwa sababu ya fedha. Vijana wenye mitihani kesho walithubutu kuchapisha jambo ambalo watu wazima wa bodi walilifungia kabatini kwa mwaka na zaidi. Februari Gluckin akakamatwa. Julai akafuata Tassone.

Machi 2005 mdhibiti wa hesabu za jimbo, Alan Hevesi, akatoa ripoti ya ukaguzi. Dola milioni 11.2 zilikuwa zimekwenda, kwa miaka kadhaa, kwenye nyumba, magari, likizo, vito, tiketi za ndege ya Concorde ya kwenda London, na manunuzi madogo madogo ya nyumbani ya kila siku. Sehemu ya Gluckin ilikuwa zaidi ya milioni 4. Ya Tassone, zaidi ya milioni 2. Wote wawili walikiri. Mwaka 2006 Tassone alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 4 na 12, na Gluckin kati ya miaka 3 na 9.

Tassone alitoka gerezani mwaka 2010, na pensheni yake ikaendelea kumngoja, kwa kuwa katiba ya New York wakati huo iliilinda pensheni ya mtumishi wa umma. Ilikuwa zaidi ya dola 173,000 kwa mwaka. Kijana aliyesoma katika shule za Roslyn wakati huo, Mike Makowsky, alikuja kuandika mswada wa filamu ya kisa hicho, *Bad Education*, ambayo Hugh Jackman ndiye anayemwigiza Tassone.

Wajumbe wa bodi je? Mwizi hakuwa miongoni mwao. Lakini wilaya yenyewe, ikiwa chini ya bodi mpya, ilimpeleka mahakamani mjumbe mmoja wa zamani ikidai alizembea kulinda amana ya wananchi. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ya New York, iliyo ya juu kabisa jimboni, ilikataa hoja kwamba muda wa kudai hilo ulikuwa umekwisha. Alichoshtakiwa nacho kilikuwa kutokuangalia.

Wahenga walituachia onyo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Bodi ya Roslyn ilificha jipu kwa kuhofia jina la shule, na jina la shule likawa ndilo lililoandikwa kwenye magazeti ya nchi nzima. Kama wangeita polisi mwaka 2002, wangepata aibu ya wiki mbili. Uchunguzi ungefungua droo ya pili, na kwenye droo ya pili wangemkuta aliyekuwa anawashauri.

Saa 6 za darasa

Jimbo lilitunga sheria mwaka huo huo wa 2005. Kila mjumbe mpya wa bodi ya shule sharti apate mafunzo ya angalau saa 6 juu ya usimamizi wa fedha ndani ya mwaka wake wa kwanza. Bodi iwe na kamati ya ukaguzi. Pawepo ukaguzi wa ndani, isipokuwa kwa wilaya ndogo sana. Mkaguzi wa nje apatikane kwa ushindani kila baada ya miaka 5, asije akazoea chai ya ofisi. Na ofisi ya mdhibiti iyakague mahesabu ya wilaya zote za jimbo kabla ya mwisho wa Machi 2010.

Ni masharti mazuri. Lakini msomaji asilale. Hevesi, aliyeifichua Roslyn, alijiuzulu Desemba 2006 baada ya kukiri kosa la kutumia dereva wa serikali kwa shughuli za mkewe. Miaka minne baadaye alikiri kosa jingine kubwa zaidi, la kupokea manufaa kuhusiana na uwekezaji wa mfuko wa pensheni ambao yeye ndiye aliyekuwa mlezi wake, na mwaka 2011 akaingia gerezani. Mkaguzi wa wakaguzi naye alihitaji mkaguzi.

Haina maana kwamba binadamu wote ni wezi. Maana yake ni kwamba uaminifu wa mtu, hata ukiwa wa kweli, si chombo cha kazi. Hauwezi kupimwa siku ya kura na hauwezi kurithishwa kwa anayefuata kukalia kiti. Ndiyo maana mgombea anayesimama mbele ya watu na kusema "mimi ni mwaminifu, mnanijua" anakuwa hajasema kitu. Tassone walimjua. Kinachoweza kupimwa ni tabia za kikao: karatasi zinafika siku ngapi kabla, mkaguzi anazungumza na bodi bila msimamizi mkuu kuwemo chumbani au la, jina la kila anayelipwa linasomeka au limefichwa chini ya neno "mengineyo".

Karatasi ukutani

Uganda ililijaribu jambo hili kwa njia ya bei nafuu kuliko darasa la saa 6. Mwaka 1996 watafiti wakiongozwa na Ritva Reinikka na Jakob Svensson, kwa kazi ya Benki ya Dunia, walitembelea shule 250 za msingi wakauliza swali jepesi: kati ya ruzuku ambayo serikali kuu iliwatumia kwa kila mwanafunzi kati ya mwaka 1991 na 1995, nyie mlipokea ngapi? Jibu lilikuwa wastani wa asilimia 13. Zilizobaki ziliishia njiani, wilayani, na shule nyingi hazikuwa zimeona hata shilingi.

Serikali ya Kampala ikaanza kuchapisha kwenye magazeti kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zinachopokea. Mzazi anayesoma gazeti akaweza kwenda kusimama mbele ya mwalimu mkuu na kulinganisha karatasi mbili. Hadi mwaka 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku yao. Wachumi wengine baadaye walitahadharisha kwamba sifa zote zisiende kwa gazeti, kwa sababu miaka ile ile kulikuwa na mageuzi mengine ya fedha, pamoja na elimu ya msingi bure iliyoanza mwaka 1997. Tahadhari hiyo ni ya haki. Hata hivyo hawakusema kwamba karatasi ile ukutani haikufaa kitu.

Kwetu Tanzania shule ya msingi ina kamati yake, na sekondari ina bodi. Tangu Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada zilifutwa na ruzuku ya uendeshaji ikahesabiwa kwa kichwa: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, 25,000 kwa wa sekondari, sehemu yake ikitumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kenya nayo, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, iliunda bodi za usimamizi za shule zenye wawakilishi wa wazazi. Msukumo wa kuweka mambo sawa ulikuwepo: miaka michache nyuma yake, fedha za elimu ya msingi bure zilikuwa zimepotea Nairobi kiasi cha kuwafanya wafadhili, Uingereza na Marekani wakiwemo, wasitishe misaada yao.

Viti hivi havina kampeni za nyumba kwa nyumba kama za Long Island. Mara nyingi jina hutajwa kwenye mkutano wa wazazi, mikono inanyooka, imeisha. Lakini kinachofuata kinafanana kuliko tunavyodhani. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, kama ambavyo msimamizi mkuu wa Roslyn ndiye aliyekuwa akiiandalia bodi mafaili. Anayelindwa asikosee ndiye anayeandika muhtasari. Si njama, ndivyo kazi ilivyo, kwa kuwa yeye ndiye anayekuwepo shuleni kila siku. Ila inamaanisha kwamba mjumbe asiyeuliza anaona tu kile alichoandikiwa.

Na kuuliza kwetu kuna bei yake. Mwalimu mkuu ni mtu wa watu. Pengine ndiye aliyemfundisha mjumbe mwenyewe kusoma, na leo anamfundisha mwanawe. Mjumbe akisema "Mwalimu, samahani, hii risiti ya saruji ina tarehe ya kabla ya fedha kuingia," kikao kinapoa. Mzee mmoja atakohoa. Mwingine atasema, "Mwanangu, haya tuyaongee pembeni." Njiani kurudi nyumbani ataambiwa ana kinyongo, au anatafuta udiwani. Mwalimu naye anaweza kuwa hana kosa lolote, amekopa saruji kwa mwenye duka ili darasa lisiezuliwe na mvua, akalipa ruzuku ilipofika. Kama ndivyo, swali limemsafisha. Lisingeulizwa, uvumi wa sokoni ungemchafua, na hangekuwa na mahali pa kujibia.

Hilo ndilo wazo ambalo stara yetu haijalizoea. Tunadhani daftari likifunguliwa mtu anavuliwa nguo. Kumbe kwa mtumishi mnyoofu daftari lililo wazi ndiyo nguo yenyewe. Bibi zetu wenye vyama vya kufa na kuzikana wanalijua hili vyema: mtunza fedha huhesabu mbele ya wote, noti kwa noti, na hakuna anayeona ametukanwa. Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari, kisha wanalifungua daftari lenyewe. Hawamwachii rafiki yake alisome peke yake.

Kwa hiyo msimu ujao wa kuchagua, iwe ni Jumanne ya Mei kule New York au mkutano wa wazazi chini ya mwembe, mgombea akija na maneno yake ya uwajibikaji asiulizwe ana uchungu kiasi gani na fedha za umma. Kila mtu ana uchungu nazo kabla hajazikaribia. Aulizwe ni lini mara ya mwisho alimwuliza rafiki yake swali la fedha mbele ya watu, na rafiki akanuna, naye akaendelea kusubiri jibu.

Kisha tumtazame kwenye kikao chake cha kwanza. Jua linazama, ajenda imefika mwisho, chai imekwisha. Katibu anasukuma mezani karatasi ya kuidhinisha malipo na kalamu juu yake. Wa kwanza anasaini akiwa amesimama, wa pili akifunga mkoba, wa tatu anatafuta viatu vyake kwa mguu. Kalamu inamfikia. Kila mtu anamwangalia, na yeye hajainua macho.

"Samahani wazee wangu," anasema, "nipeni dakika kidogo. Bado nasoma."